Kwa nini kushindwa na binamu zako kuna raha kuliko kushinda na wageni

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 20, naishi Makorora hapa Tanga. Nacheza Free Fire, gemu ya kupigana kwa bunduki kwa timu, kwenye simu. Nikiingia na binamu zangu watatu wa Ngamiani, hata tukitolewa mapema tunacheka mpaka mama anatugombeza. Nikiingia na watu nisiowajua, hata tukishinda nafunga simu nikiwa mnyonge. Mara nyingi mimi ndiye ninayetibu na kufufua wenzangu, na binamu yangu mmoja ana tabia ya kukimbia mbele bila kuangalia nyuma, kazi yangu ni kumfuata. Je, raha ya kucheza kwa timu hasa inatoka wapi, na nawezaje kuipata hata nikiwa na wageni? Au niache kutibu nianze kushambulia kama wengine?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako limenikaa moyoni kwa sababu ndani yake umekwisha kuweka nusu ya jibu. Mtu anayefurahi zaidi akishindwa na binamu zake kuliko akishinda na wageni ametuonyesha kwamba pointi na vyeo siyo chimbuko la raha tunayoitafuta, na kwamba inatupasa kuangalia kile kilichopo usiku wa binamu na kinachokosekana usiku wa wageni. Kwa miaka niliyofundisha vijana kutengeneza gemu hapa Tanga, na kwa jioni nyingi nilizosimama nyuma ya wachezaji nikiwatazama, nimefikia kuamini kwamba kitu hicho ni kuhitajiana kunakoonekana. Maana yangu ni kwamba kila mmoja ana jambo ambalo wenzake hawawezi kulipata bila yeye kwa wakati ule, na wenzake wanaona kwamba amelifanya. Sehemu zote mbili ni za lazima. Ukihitajika lakini usionekane, unachoka kama mpishi wa shughuli ambaye hakuna aliyeuliza pilau hii kapika nani. Ukionekana lakini usihitajike, unabaki kuwa mgeni wa heshima aliyekalishwa kiti cha mbele.

Nikueleze nilichokiona kwenye kibanda kimoja cha gemu kule Ngamiani, Barabara ya 12. Vijana wanne walikuwa wamebanana kwenye benchi, simu zao zote zimechomekwa kwenye ekstensheni moja, na mdogo wao, ambaye waya wa chaji yake ulikuwa mfupi, alikuwa amejiinamia mbele ili usichomoke. Mchezo ulikuwa huohuo unaoucheza wewe. Yule mdogo akapigwa, akaangushwa nyuma ya nyumba, akaanza kutambaa huku damu ikipungua. Mwenzake alikuwa amekwisha kufika ndani ya eneo salama na angeweza kubaki pale akaishi muda mrefu zaidi, lakini aligeuka, akakimbia chini ya risasi, akasimamisha ule ukuta wa barafu wa kujikingia mbele yao na kuchuchumaa ili amfufue. Kwa sekunde zile chache za kungoja kifufuo kikamilike, hakuna aliyesema neno kwenye lile benchi. Yule mdogo, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa huru kwa kuwa aliyeangushwa hana bunduki ya kuitumia, aliuinua akauweka begani kwa mwenzake bila kuondoa macho kwenye kioo. Haikupita dakika moja wakatolewa wote. Hata hivyo, mpaka adhana ya isha ilipoadhiniwa, walikuwa bado wanauzungumzia ukuta ule, umewekwa wapi na umewekwa kwa haraka kiasi gani, na sikusikia hata mmoja akiulizia walitoka nafasi ya ngapi.

Tukio kama lile huandaliwa na watengenezaji wa gemu mapema sana, kabla wewe hujapakua chochote. Waliamua kwamba katika mchezo wa timu mtu asife mara moja, bali afe kwa hatua mbili: kwanza aangushwe, kisha, asipofikiwa, ndipo atoke. Katikati ya hatua hizo mbili wameacha nafasi ambayo ni mwenzako peke yake anayeweza kuijaza. Gemu iitwayo Left 4 Dead, iliyotoka mwaka 2008, ililipeleka wazo hili mbali zaidi, kwa kuwa ndani yake wapo maadui wanaoweza kukukamata ukashindwa kujinasua kwa namna yoyote, uwe hodari kiasi gani, mpaka mmoja wa wenzako watatu aje kukutoa. Mchezaji anayependa kwenda peke yake hujifunza ndani ya dakika chache kwamba ufunguo wake ameushika mwingine. Mimi nauhesabu uamuzi huo kuwa miongoni mwa mambo yenye hekima kubwa kabisa katika kazi yetu, kwa sababu unamfanya mtu mwema bila kumhubiria.

Njia nyingine ya kuwafanya watu wahitajiane ni kugawa kazi. World of Warcraft, gemu ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2004, iliwazoesha mamilioni ya watu mgawanyo wa mafungu matatu: anayesimama mbele kupokea mapigo, anayetibu, na anayeshambulia. Anayetibu hawezi kumwangusha adui mkubwa peke yake, na anayeshambulia hawezi kustahimili mapigo bila kutibiwa. Katika mchezo wako mgawanyo huo ni mwepesi zaidi, lakini upo. Ukimchagua mhusika aitwaye Alok, mduara wake humrudishia damu hata mwenzako aliye karibu, kwa hiyo mahali unaposimama ni sehemu ya kazi yako. Watafiti Richard Ryan, Scott Rigby na Andrew Przybylski waliandika mwaka 2006 kwamba gemu humvuta mtu pale inapomtimizia mahitaji matatu: kujiamulia mwenyewe, kujihisi anaweza, na kujihisi ameungana na watu. Unapomfikia binamu yako aliyeangushwa, yote matatu hutimia kwa pamoja, maana umeamua kwenda, umeweza kufika, na kuna mtu upande wa pili anayekuita kwa jina.

Sasa tuje kwenye kuonekana, ambako ndiko hasa timu nyingi huharibikia. Ukienda ufukweni kwetu siku wanaposhua chombo kilichotoka kutengenezwa, utasikia wimbo kabla hujaona chombo. Wimbo ule una kazi, kwani unawapa watu wote nukta moja ya kuvuta. Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, alipima nguvu za watu wanaovuta kamba, na katika maandishi yake ya mwaka 1913 akaonyesha kwamba kadiri wavutaji wanavyoongezeka, ndivyo nguvu anayotoa kila mmoja inavyopungua. Sehemu ya upungufu huo hutokana na watu kutovuta kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo inayoponywa na wimbo. Sehemu nyingine ni ya moyo: mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake waliwaambia watu wapige makofi na kelele, wakakuta kwamba kila mmoja hujitahidi pungufu anapoamini sauti yake imezama ndani ya sauti za wengine.

Kwa sababu hiyo sishangai kwamba skwadi ya watu wanne imependwa kote duniani. Katika watu wanne hakuna pa kujificha, na hakuna jema linalopotea. World of Warcraft ilipoanza, mapambano yake makubwa yaliruhusu watu 40 kwa pamoja, na walioyacheza wanayakumbuka kwa fahari, lakini ni kweli pia kwamba ndani ya watu 40 mtu aliweza kusinzia bila kugunduliwa. Mwaka 2007 watengenezaji wake walishusha idadi ya mapambano mapya hadi watu 25, na mengine 10. Walifanya hivyo kwa sababu kadhaa, ikiwemo taabu ya kuwakusanya watu wengi kwa wakati mmoja, ila kwa maoni yangu faida kubwa ilikuwa kwamba jina la kila mmoja lilirudi kuwa na uzito.

Na wageni je? Hapa nataka nikae zaidi, maana ndipo palipo na uchungu wako.

Robert Axelrod, mtaalamu wa siasa wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba watu wanaotazama faida yao wenyewe wanaweza kushirikiana vizuri ilimradi wanajua kwamba watakutana tena. Anayejua kwamba kesho atakutana nawe hupima neno lake leo. Sisi wa pwani hilo hatuhitaji kufundishwa. Mtaani kwetu ukimtukana mtoto wa watu asubuhi, jioni shangazi yake anakuuliza dukani ulimwambia nini. Gemu za mtandaoni za zamani zilikuwa na hali hiyo. Katika EverQuest ya mwaka 1999 kila seva, yaani kompyuta kuu inayobeba wachezaji, ilikuwa kama kijiji, mambo mengi hayakuwezekana bila kundi, na mchezaji mwenye sifa ya kuwatoroka wenzake alikosa watu wa kucheza nao. Kisha watu wakataka haraka. Mwezi Desemba 2009 World of Warcraft ilileta chombo cha kukukutanisha na wenzako wanne kutoka seva mbalimbali kwa kubofya kitufe. Watu walifurahi kwa sababu kungoja kulipungua sana, lakini wengi wakaanza kulalamika kwamba salamu zimekufa, watu wanamaliza kazi kimyakimya na kuachana kama abiria wa daladala. Mchezo wako umejengwa juu ya mtindo huo kikamilifu: mechi ni fupi, wageni watatu wanakuja na wanakwenda, na anayekutukana hatakuona tena.

Kuna jambo jingine linalofanana na hilo. Nicolas Ducheneaut na wenzake walipochunguza World of Warcraft, waliandika mwaka 2006 kwamba wachezaji wengi walitumia muda wao mwingi wakicheza peke yao katikati ya umati, na wale wengine walikuwa kwao watazamaji zaidi kuliko wenzao wa kazi. Nadhani hicho ndicho kinachokupata. Majina matatu yaliyo juu ya kioo chako ni ya skwadi yako kwa hesabu tu. Kwa kweli ni watu watatu wanaocheza peke yao, nawe unawafuata ukiwatibu. Wanaposhinda, kila mmoja anahesabu maadui aliowaangusha yeye. Hakuna aliyekuona, ingawa wote walikuhitaji, na mtu akifanyiwa hivyo usiku baada ya usiku, unyonge ni lazima.

Wewe ni msichana pia, na sitaki kulipita hilo kana kwamba halimo. Hukusema kama huwa unafungua maiki ukiwa na wageni, lakini wasichana ninaowafundisha wengi wameniambia wameacha. Jeffrey Kuznekoff na Lindsey Rose walichapisha mwaka 2013 utafiti walioufanya ndani ya gemu ya Halo 3, wakitumia sauti zilizorekodiwa, na wakakuta kwamba sauti ya kike ilipokea maneno mabaya mara tatu zaidi ya sauti ya kiume au ukimya, ingawa maneno yaliyorekodiwa yalikuwa yaleyale. Michael Kasumovic na Kuznekoff waliufuatilia mchezo huohuo na mwaka 2015 wakaandika kwamba wanaume waliokuwa wakicheza vibaya ndio waliozidi kuwa wakali kwa mchezaji mwenye sauti ya kike. Kwa hiyo mtu akikutukana kwa sauti yako, kuna uwezekano mkubwa kwamba anakuonyesha jinsi anavyoshindwa yeye. Zima sauti yake, mripoti, na usimfufue kwa kujilazimisha.

Nisingependa ufikiri kwamba wageni ni wabaya kwa asili. Upo mfano ninaoupenda mno, nao ni gemu iitwayo Journey ya mwaka 2012, iliyotengenezwa chini ya uongozi wa Jenova Chen. Ndani yake unasafiri jangwani na unaweza kukutana na mgeni mmoja usiyeambiwa jina lake mpaka mwisho wa safari, na hamwezi kuongea wala kuandikiana, isipokuwa kutoa mlio kama wa kengele. Chen ameeleza kwamba wakati wa kuitengeneza, wachezaji waliweza kusukumana, na walipoweza walisukumana mashimoni badala ya kusaidiana. Timu yake ikaondoa uwezo wa kusukumana, na katika mchezo uliokamilika wasafiri wawili wakigusana, skafu zao hujaa nguvu ya kupaa. Watu ni walewale, ila sasa kukaribiana kwao kuna faida kwa wote wawili, na wachezaji wengi waliandika kwamba walitokwa na machozi wakiachana na mtu wasiyemjua. Nawafundisha wanafunzi wangu mfano huu kila mwaka, na kila mwaka nawaomba wakae kimya dakika moja waufikirie kabla ya kugusa kompyuta.

Gemu yako huwezi kuibadilisha, lakini unaweza kuchagua vile vitu vidogo vinavyomfanya mgeni akuone. Tumia alama za kwenye ramani badala ya maiki. Apex Legends ya mwaka 2019 iliwaonyesha wengi kwamba skwadi inaweza kuelewana vizuri bila sauti hata moja, kwa kuonyesha tu adui yuko wapi na silaha iko wapi. Mwonyeshe mgeni kitu anachokihitaji kabla hajaomba: ukimwona hana kofia nawe umeiona kofia, iwekee alama. Mara nyingi anarudisha wema huo kabla ya mechi kuisha, na hapo ndipo mmeanza kuhitajiana. Kisha, mechi ikiisha, usitume ombi la urafiki kwa aliyeua wengi. Mtumie yule aliyegeuka nyuma ulipoangushwa, hata kama alichelewa kukufikia. Mkicheza naye jioni tatu mfululizo, ameacha kuwa mgeni, na ile nguvu ya kukutana tena aliyoielezea Axelrod inaanza kuwafanyia kazi ninyi wawili.

Lipo pia suala la mtandao, ambalo nitalisema kwa kifupi kwa kuwa linavunja urafiki mwingi pasipo kosa la mtu. Mwanga ndani ya nyaya za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva iliyo umbali wa kilomita 5,000 haiwezi kukujibu chini ya milisekunde 50 hata kila kitu kikienda sawa, na kwa kawaida hakiendi sawa. Simu yako ikiganda, mgeni wa upande wa pili haoni mtandao mbaya. Anaona mtibu aliyesimama tu huku yeye anakufa. Binamu zako wanakusamehe kwa sababu wako chini ya mnara uleule, na huenda wamenunua bando kwa wakala yuleyule. Kwa hiyo waambie wageni mapema, kwa maneno mawili, kwamba mtandao wako unasumbua, na usiingie mechi ya kupanda daraja ukiwa na bando la kumalizia. Mwezi Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu na intaneti ikazorota nchini kote, vijana wa kibandani walirudi kwenye Mini Militia, ambayo huchezeka kwa Wi-Fi ya karibu bila intaneti. Siku hizo nilisikia vicheko zaidi kuliko wiki yoyote ya mwaka ule, kwa kuwa kila aliyeangushwa alikuwa akiangaliana uso kwa uso na aliyemwangusha.

Limebaki suala la kama uache kutibu. Ukiacha kwa sababu wageni hawakuoni, utakuwa umehamia kwenye kazi ambayo kila mtu anaifanya, na utahitajika kidogo zaidi kuliko sasa; nakuomba usifanye hivyo. Ila ningependa uishike bunduki ya mbele kwa sababu nyingine. Mtibu ambaye hajawahi kushambulia hajui ni wakati gani mshambuliaji anapenda asimamiwe karibu na wakati gani anataka nafasi, na mshambuliaji ambaye hajawahi kutibu hajui ni mara ngapi mtu amekimbia chini ya risasi kwa ajili yake. Ijumaa hii mkiingia wanne, pendekeza mbadilishane kazi kwa mechi tano: wewe utangulie, na Alok achukuliwe na mwingine. Mpe yule binamu yako anayekimbia mbele bila kuangalia nyuma.